UZI: Beetle 1500 ya 1968 inatetemeka wakati wa kuondoka. Ni klachi kweli, au kuna kingine?

KisiginoLaini (mwanzisha uzi)

Wakuu habari. Gari ni VW Beetle 1500 ya 1968, giaboksi ya kawaida ya gia nne, umeme wa volti 12. Nikiachia klachi kwenye gia ya kwanza, mwili mzima unatetemeka kwa mita mbili tatu za mwanzo halafu linatulia. Rivasi ndiyo balaa kabisa. Kuanzia gia ya pili hakuna shida.

Mengine ya kujua: klachi haitelezi mlimani, gia zinaingia bila kelele, pedeli si nzito. Injini ikiwa baridi mtetemo ni mdogo, ikipata moto unazidi. Chini, pale injini inapokutana na giaboksi, kuna unyevu wa mafuta ila halidondoshi.

Ushauri niliopewa ni kushusha injini na kubadilisha klachi yote. Kabla sijafika huko, kuna vya kukagua kwanza?

---

Nati17

Usishushe injini bado. Kwenye Beetle, klachi inayodunda mara nyingi inasababishwa na vitu vilivyo nje ya klachi, na vyote unavifikia ukiwa umelala chini ya gari.

Kwanza elewa kinachotokea. Injini ya Beetle haina maunti zake, imening'inizwa kwenye giaboksi. Giaboksi yenyewe imeshikwa na raba tatu: moja mbele puani, mbili nyuma. Kebo ya klachi inatoka kwenye pedeli, inapita ndani ya tanieli ya chasisi (lile handaki la katikati ya sakafu), inatokea nyuma na kuvuta mkono wa klachi ulio upande wa kushoto wa giaboksi. Sasa klachi inapoanza kushika, injini na giaboksi zinajipinda kwenye raba zile. Zikisogea hata kidogo, umbali kati ya chasisi na mkono wa klachi unabadilika, na kebo inavuta au inalegea bila wewe kugusa pedeli. Klachi inaachia, giaboksi inarudi, klachi inashika tena. Hiyo mizunguko ikijirudia haraka haraka ndiyo mtetemo wako.

Wajerumani walilijua hilo, ndiyo maana kati ya chasisi na giaboksi wakaweka ile paipu laini iliyopinda. Mpindo wake haukuja kwa bahati mbaya. Unaongeza msuguano kwenye kebo ili isicheze yenyewe. Paipu ikinyooka, msuguano unaisha na gari linadunda hata kama klachi ni mpya kutoka kwenye boksi.

Pima hivi: weka rula au fimbo iliyonyooka kutoka mwanzo wa paipu (inapotoka kwenye chasisi) hadi mwisho wake (kwenye bano la giaboksi). Katikati, pima paipu imeshuka kiasi gani kutoka kwenye mstari huo. Inatakiwa iwe kati ya mm 25 na 45. Ikiwa chini ya 25, chomoa ncha ya paipu kwenye bano, ongeza wosha kati ya bano na bega la paipu, rudisha, pima tena. Ikizidi 45 kebo inakuwa nzito na inakatika mapema, kwa hiyo usiweke wosha kama unapanga sahani.

Ukimaliza hapo lazima urekebishe uhuru wa pedeli upya, maana umebadilisha urefu wa njia ya kebo. Pedeli icheze mm 10 hadi 20 juu kabla hujahisi uzito. Unarekebisha kwa ile nati ya masikio mwisho wa kebo, kwenye mkono wa klachi. Masikio yake yakae kwenye mifereji ya mkono, la sivyo nati itajifungua yenyewe barabarani.

---

DogoGereji

Mkuu Nati17 kwani uhuru wa pedeli unahusiana vipi na kutetemeka? Mimi najua ukikosa uhuru klachi inateleza.

---

Nati17

Inateleza, ndiyo, ila kabla haijafika huko rilizi beringi (beringi inayosukumwa na mkono wa klachi ili kuiachia) inakuwa inagusa presha pleti (sahani yenye springi inayobana klachi) muda wote. Nguvu ya kubana inapungua na kila mtikisiko wa kebo unafika moja kwa moja kwenye klachi. Ukiwa na uhuru wa kutosha, mguu ukishatoka kwenye pedeli kebo haina la kusema.

---

SpanaMkononi

Naongezea kwenye raba za giaboksi, maana mtu akishapima paipu na kuikuta sawa huwa anakimbilia klachi.

Raba iliyolowa mafuta kwa miaka inakuwa laini na kuvimba, iliyozeeka kavu inapasuka na kuachana na chuma. Zote mbili zinaleta mtetemo. Kukagua: gari kwenye stendi, magurudumu ya mbele yamezuiwa, weka kipande cha mbao juu ya jeki na uinue giaboksi taratibu, kama sentimita moja tu. Tazama raba ya puani kwa tochi. Ukiona mwanya unafunguka kati ya raba na chuma, imekwisha. Kisha shika injini kwenye puli ya chini uitikise juu na chini. Kusogea kidogo ni kawaida, kugonga si kawaida.

Huu unyevu wa mafuta aliousema mwanzisha uzi unanifanya nishuku raba za nyuma pia. Hizo mbili kuzibadilisha ni kazi ya injini ikiwa nje, kwa hiyo kama mwisho wa siku itashuka kwa sababu nyingine, zibadilishe papo hapo. Tafadhali usiweke zile raba ngumu za mashindano. Zinaua mtetemo wa klachi, kweli, lakini kelele na mtikisiko wote wa giaboksi unahamia ndani ya gari.

Kingine kinachosahaulika ni paipu ya ndani ya tanieli. Imechomelewa kwenye chasisi, na ule mchomeleo una tabia ya kuachia. Mwambie mtu akanyage pedeli huku wewe unatazama pale paipu inapotokea nyuma. Ikienda na kurudi, mchomeleo umeachia na vipimo vyote vya mpindo ni bure mpaka uchomelewe.

---

MzeeWaTaimingi

Vijana mmeruka injini yenyewe. Injini inayokosa moto kwenye silinda moja, au yenye shimo la nguvu pale unapogusa mafuta, itatikisa gari wakati wa kuondoka na kila mtu atalaumu klachi. Angalia nafasi ya valvu, taimingi, plagi, na kama kabureta inapiga mafuta unapofungua koo. Kama mtu aliondoa distributa yenye vakyumu akaweka ya uzito tupu (isiyo na vakyumu), lile shimo la nguvu ni la kawaida sana kwa injini hizi.

Kipimo: gari likiwa limesimama bila gia, kutoka sailensa (injini ikizunguka taratibu bila kukanyaga mafuta) kanyaga mafuta kidogo kidogo. Ikikwama au ikikohoa, tengeneza hilo kwanza.

Pia nati za ekseli ya nyuma. Ngoma ya breki imekaa kwenye meno ya ekseli, na nati ikilegea meno yanaliwa na ngoma inacheza. Ukiondoka unasikia "tak" halafu mtikisiko. Hili ni la hatari kuliko klachi.

---

KisiginoLaini

Asanteni sana wakuu. Majibu ya ukaguzi:

Mpindo wa paipu ulikuwa mm 18. Nimeongeza wosha, sasa ni 33. Uhuru wa pedeli nimeweka 15. Paipu ya tanieli haisogei. Raba ya puani ina ufa upande mmoja ila haijaachana. Injini haikohoi, nati za ekseli zimekaza.

Matokeo: gia ya kwanza ikiwa baridi, mtetemo umeisha kabisa. Ikipata moto unarudi, mdogo kuliko mwanzo, na rivasi bado. Mafuta yale ya chini nimeyanusa, yana harufu ya mafuta ya injini, sio ile harufu kali ya kiberiti ya mafuta ya gia.

---

Nati17

Basi ulikuwa na magonjwa mawili. Moja umelitibu bure. La pili ni mafuta kwenye klachi pleti (ile sahani ya msuguano).

Hiyo tabia ya kuzidi na moto ndiyo ushahidi. Laini za klachi pleti, yaani zile nyuso zake za msuguano, zinanyonya mafuta kama sponji. Zikipoa yanakaa ndani, zikipata joto yanatoka juu, sehemu moja inashika na nyingine inateleza. Na kwa kuwa umeshanusa, chanzo ni oil sili ya krenki nyuma ya flaiwili (lile gurudumu zito la mwisho wa krenki ambalo klachi inafungwa juu yake), au kile kiduara cha raba ndani ya flaiwili. Mafuta ya gia yangekuwa yametoka kwenye sili ya shafti ya giaboksi, na hayo huanzia katikati ya klachi pleti.

Sasa ndiyo injini inashuka.

---

DogoGereji

Kuna mafundi wanamwaga petroli kupitia tundu la chini ya kengele ya giaboksi (ile nyumba ya klachi), klachi inaoshwa bila kushusha kitu. Haiwezi kumsaidia?

---

SpanaMkononi

Hapana, na usimshauri mtu hivyo. Petroli ndani ya kengele yenye starta inayotoa cheche ni moto unaousubiri. Hata ungenusurika, inaosha juu tu, mafuta yaliyonyonywa yanabaki, na sili bado inavuja. Inaosha pia grisi ya rilizi beringi. Baada ya wiki unarudi na klachi inayodunda na beringi inayolia.

Klachi pleti iliyolowa haioshwi. Inatupwa.

---

FlaiwiliSafi

Nichukue hapa, maana kazi nyingi za klachi huharibikia kwenye flaiwili.

Kushusha kwanza, kwa kifupi: ondoa waya hasi wa betri, chujio la hewa, nyaya za dainamo, koili, choki na swichi ya presha ya mafuta, kebo ya mafuta, mabati ya nyuma, kebo na mipira ya hita, na mpira wa petroli (uzibe mara moja). Beba injini kwa jeki yenye ubao mpana. Nati mbili za chini na bolti mbili za juu, zote za spana 17. Injini ina zaidi ya kilo 100, ivute nyuma ikiwa imenyooka, na isining'inie kamwe kwenye shafti ya giaboksi. Shafti haitakatika, lakini kitovu cha klachi pleti kinapinda, na hapo umejitengenezea mtetemo mpya kwa mkono wako.

Vumbi lililomo ndani usilipulize kwa hewa. Laini za zamani zilikuwa na asbesto. Lowanisha kwa maji yenye sabuni, futa kwa tambara, tupa tambara.

Fungua bolti sita za presha pleti kwa kupokezana, mzunguko mmoja mmoja. Sasa soma ulichokikuta kabla hujasafisha. Michirizi ya mafuta inayotoka nyuma ya flaiwili kwenda ukingoni ni sili. Mafuta yaliyo chini, nje ya duara la sili, yanaweza kutoka kwenye kizibo cha kemshafti, kile kifuniko cha bati kilicho nyuma ya flaiwili. Watu hubadilisha sili tatu wakati kizibo ndicho kinachovuja.

Uso wa flaiwili: mng'ao wa kioo unatoka kwa msasa. Madoa ya bluu au meusi yaliyotawanyika ni habari nyingine. Pale chuma kimepata joto kikawa kigumu kuliko jirani zake. Ukimpa mchonga vyuma wa kawaida, kisu kinaruka juu ya doa na kuliacha kama kivimbe usichokiona kwa jicho, ila klachi itakiona kila mzunguko. Mwambie asage kwa jiwe, asichonge kwa kisu. Na chochote kinachoondolewa kwenye uso wa kushika, kiondolewe sawasawa pia kwenye uso ambao presha pleti inafungwa, la sivyo nguvu ya kubana inabadilika.

Kabla ya kuifungua flaiwili, iwekee alama na krenki. Ile nati kubwa ya katikati ni 36, imekazwa kwa Nm 343, kwa hiyo tafuta kishikio cha flaiwili na bomba refu. Ndani ya nati hiyo kuna beringi ya sindano inayobeba ncha ya shafti ya giaboksi. Ikiwa imekauka au imekatika, shafti inayumba na klachi pleti haikai katikati. Hiki ni chanzo halisi cha kudunda na ni mara chache mtu anakitazama. Safisha, weka grisi kidogo, kama gramu 1 tu. Ikizidi inarushwa kwenye klachi.

---

KisiginoLaini

Mkuu FlaiwiliSafi nimekusoma. Sili mpya naipiga tu na nyundo au kuna utaratibu? Na nasikia habari za wosha tatu nyuma ya flaiwili.

---

FlaiwiliSafi

Utaratibu upo, na unaanza na hizo wosha, sili baadaye.

Krenki inatakiwa icheze mbele na nyuma kati ya mm 0.07 na 0.13. Ikizidi sana, sili mpya haitadumu, kwa sababu flaiwili inatembea ndani ya mdomo wake. Wosha za kurekebishia ni tatu kila wakati, hazipungui wala haziongezeki, zinauzwa kwa unene tofauti kuanzia 0.24.

Funga flaiwili na wosha mbili tu, bila sili wala kiduara cha raba. Weka daili geji (saa ya kupimia michezo midogo) kwenye uso wa flaiwili, sukuma na uvute krenki, soma. Toa 0.10 kwenye namba uliyopata, kilichobaki ndicho unene wa wosha ya tatu. Mfano geji imesoma 0.44: 0.44 toa 0.10 ni 0.34, tafuta wosha ya 0.34. Fungua, weka zote tatu zikiwa na mafuta, sasa ndiyo uweke sili.

Sili: safisha kiti chake kwenye bloku, kwangua ukingo mkali wa nje kidogo usije ukakata sili, ondoa vumbi la chuma. Isukume iingie imenyooka pande zote. Ukigonga upande mmoja inakaa mshazari na itavuja siku hiyo hiyo. Mdomo upake mafuta. Halafu pitisha ukucha kwenye shingo ya flaiwili inapokaa sili. Ukihisi mfereji, sili mpya peke yake haitatosha. Kiduara cha raba cha ndani ni lazima kiwe kipya.

Ukiwa na geji bado mkononi, zungusha flaiwili uone kama uso unayumba. Ila sukuma krenki upande mmoja muda wote unapozungusha, bila hivyo unapima uchezaji wa krenki na kuuita kuyumba kwa flaiwili.

---

SpanaMkononi

Kuhusu vipuri vya kununua. Hiyo 1500 inatumia klachi ya mm 200, flaiwili ya meno 130. Usiletewe ya 180.

Presha pleti za mpaka modeli ya 1970 zina pete katikati, mahali rilizi beringi inapogusa. Kuanzia modeli ya 1971 beringi inatembea kwenye bomba la mwongozo na presha pleti haina pete. Hivi vitu viwili havichanganywi. Gari lako ni la pete, isipokuwa kama giaboksi ilishabadilishwa, kwa hiyo chungulia kwenye kengele: kuna bomba limezunguka shafti au hakuna?

Klachi pleti mpya ikague kabla ya kufunga. Ya bei rahisi nyingi hazina yale mabati membamba ya kupinda katikati ya laini mbili. Ibonyeze kwa vidole ukingoni, laini zinatakiwa zisogeleane kidogo. Kama ni ngumu kama sahani, klachi itashika kwa mkupuo hata kila kitu kingine kikiwa sahihi. Izungushe kwenye shafti uone kuyumba ukingoni, isizidi nusu milimita. Zinapindana zikiwa ghalani.

Rilizi beringi usiioshe na kitu chochote, futa kwa tambara kavu. Na bushi za shafti ya uma wa klachi zikague. Uma ukilegea, beringi inasukuma upande mmoja, presha pleti inaachia mshazari, na mtetemo uko pale pale.

---

Nati17

Kurudisha: mikono safi, uso wa flaiwili na presha pleti mpya ufutwe kwa dawa ya kusafishia breki, maana mpya zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu. Upande wa kitovu wenye springi uangalie giaboksi. Weka klachi pleti katikati kwa shafti ya zamani au mti uliochongwa vizuri. Bolti sita kwa mtindo wa msalaba, mzunguko mmoja mmoja, kisha Nm 25. Meno ya shafti ya giaboksi yapake ute mwembamba tu wa grisi, pitisha klachi pleti mara moja, futa kinachobaki. Bolti na nati za injini Nm 30.

Badilisha na sili ya shafti ya giaboksi pamoja na zile raba tatu. Kushusha injini tena kwa ajili ya sili ndogo kiasi hicho ni adhabu.

Mwisho pima mpindo wa paipu tena. Raba mpya zinainua giaboksi, 33 yako haitabaki 33.

---

Kurunzi_II

Samahani kuingilia. Haya yanahusu pia gari lenye klachi ya haidroliki? Nina Mini ya zamani, dalili zile zile.

---

MzeeWaTaimingi

Paipu ya kupinda huna, lakini kanuni ni ile ile: zuia injini isicheze. Kwenye Mini anza na ule mkono wa chuma ulio juu unaoshika injini na bodi. Bushi zake za raba zikiisha, gari linadunda kama la Kisigino. Ni bolti mbili. Kisha maunti za injini, kisha mafuta kwenye klachi. Kama pedeli inachelewa kurudi, shuku mpira wa haidroliki uliovimba kwa ndani, hautaonekana kwa nje.

---

KisiginoLaini

Injini iko chini. Sili ilikuwa imekauka kama plastiki, michirizi inatoka nyuma ya flaiwili kama ilivyoelezwa. Kizibo cha kemshafti kikavu. Uchezaji wa krenki 0.13, kwa hiyo wosha zimebaki zile zile. Flaiwili ina madoa matatu ya bluu, imekwenda kusagwa kwa jiwe. Beringi ya sindano nzima, giaboksi haina bomba la mwongozo, naagiza ya pete.

Swali la mwisho: ngoma za nyuma nimezifungua nitazame meno, ni mazima. Nati ya ekseli nikikaza kwa kipimo, tundu la spliti pini halilingani. Nilegeze kidogo?

---

MzeeWaTaimingi

Usilegeze. Nm 300 ndiyo kiwango cha chini, kaza mbele mpaka tundu linalofuata. Na kaza gari likiwa chini kwa magurudumu yake, sio juu ya stendi.